Shafti Tatu za Ihembe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Msimu umefunguliwa leo saa mbili asubuhi, na mashine ya kukoboa kahawa ya Ihembe imeunguruma mikononi mwangu. Mimi Mackrine ndiye fundi mkuu. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu tangu nifike hapa mwezi wa tano kutoka Muleba, watu wananiuliza fundi yuko wapi nikiwa nimesimama mbele yao na spana mkononi.

Shafti ya zamani, ile inayobeba puli kubwa, tumeitoa. Ilizunguka misimu mitatu bila kuvunjika, ila imelika pale inapokaa beringi, nami nimeitupa nyuma ya ghala. Mpya kaitengeneza Mzee Kashaija, mhunzi wa kiwanda, kutokana na ekseli ya lori. Fundi wa Kayanga aliikereza, kisha mzee akaichoma hadi ikawa nyekundu na kuizamisha majini iwe ngumu. Kabla haijaingia motoni niliigongea herufi zetu kwa stempu na nyundo: KIH 1, yaani Kiwanda cha Ihembe, shafti ya kwanza. Mwaka jana shafti mbili za akiba ziliibwa zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka huu chuma chetu kitavaa jina. Nimezigonga herufi karibu na puli, pale unene wa shafti unapobadilika, ili kila apitaye azione bila kufungua kitu. Mama Evaresta, mwenyekiti wa chama cha wakulima, alipitisha kidole juu yake akasema, "Sasa hapa kuna wenyewe." Nilijisikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Gunia mia na kumi. Vumbi mpaka kwenye uji.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani nimesifiwa kwa mashine. Nimekubali sifa zote, hata zile za mvua.

Ijumaa, 14 Juni

Imevunjika. Saa tano asubuhi, mlio mmoja tu, kisha puli ikaanguka na kubingirika hadi kwenye mizani, na akina mama waliokuwa wanapepeta wakakimbilia migombani. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. KIH 1 imekaa siku kumi na moja.

Mzee Kashaija alikuja na aproni yake ya ngozi, akachuchumaa, akautazama mvunjiko bila kuugusa. "Imechoka," alisema.

"Siku kumi na moja, mzee? Hata mimi sijachoka."

"Wewe hujazunguka." Akarudi kwenye moto wake.

Ni kweli kwamba chuma huchoka. Shafti inapozunguka na uzito wa puli inapinda kidogo sana, huku ikibanwa, huku ikivutwa, mara mia nne kila dakika. Ufa huanza mdogo kuliko unywele, unatembea kila mzunguko, na siku chuma kilichobaki kinaposhindwa kubeba mzigo, kinakatika ghafla. Hayo nilifundishwa chuoni na nilipata alama nzuri. Swali ni kwa nini imechoka mapema hivi.

Jumamosi, 15 Juni

Tumefunga KIH 2, ya akiba, iliyokwisha kukerezwa na kugongwa herufi zake. Mzee aliichoma jana jioni. Niliomba niwepo nione anavyofanya, akaniambia kwa upole, "Subiri kule kwenye migomba, mwalimu." Ndivyo anavyoniita tangu asikie nimesoma chuo. Kwao wahunzi mwanamke hakaribii moto chuma kinapokuwa chekundu. Basi nikasubiri kwenye migomba, mtu mwenye cheti, nikisikiliza sauti ya chuma kikiingia majini.

Jumatatu, 24 Juni

KIH 2 imevunjika. Siku tisa. Malori mawili ya Nyakahanga yamesimama getini na kahawa yao, na dereva mmoja ananipigia makofi kila nikipita. Mama Evaresta hakucheka. "Mackrine, wakulima wakipeleka kahawa yao kwingine, hawarudi. Nataka kujua kosa ni la nani."

Hakuuliza kosa ni lipi. Aliuliza la nani. Nami nikajibu kwamba nitamletea jibu kabla ya wiki kuisha.

Jumatano, 26 Juni

Leo nimekuwa mwanafunzi tena. Cha KIH 1 nilikiharibu jana kwa kusugua vibaya, kwa hiyo nilikata kipande cha KIH 2 penye mvunjiko, nikakisugua kwa msasa tangu asubuhi, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi nikaona meno yangu ndani yake. Nikakipeleka Bugene kwa Mwalimu Lameck, anayefundisha kemia sekondari. Hadubini yao inamulika kutoka chini, na mwanga haupiti kwenye chuma, kwa hiyo Lameck alishika tochi ya simu pembeni na kunung'unika kwamba mkono unamuuma. Tukadondosha asidi kidogo iliyochanganywa na spiriti, tukasuuza, nikainamisha jicho.

Sindano. Chuma kizima kimejaa sindano, zimepishana huku na huku, nene na ndefu. Nilipiga kelele hadi wanafunzi wakachungulia dirishani.

"Ni ugonjwa?" Lameck aliuliza.

Nikamweleza. Chuma chekundu kikizamishwa majini, chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga upya taratibu, zinagandishwa katika umbo hilo la sindano. Kinakuwa kigumu mno, tupa inateleza juu yake, lakini hakivumilii. Ufa ukishapata pa kuanzia, hakuna cha kuuzuia. Dawa yake inajulikana: ukishakizamisha, unakirudisha kwenye moto mdogo, kipumue. Kinapoteza ugumu kidogo na kupata uvumilivu mwingi. Mzee Kashaija hakirudishi.

Nilirudi Ihembe nyuma ya bodaboda nikiimba. Kosa nilikuwa nimelishika mkononi, limefungwa kwenye leso.

Ijumaa, 28 Juni

Nimezungumza na mzee. Nilisimama mbali na moto, kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee, baada ya maji, unakirudisha chuma motoni?"

"Kwa panga, ndiyo. Kwa muhoro wa kukatia migomba, ndiyo. Shafti haikati kitu. Shafti inaliwa na beringi. Nikiilegeza italika."

"Ndiyo maana zinavunjika."

Amefua chuma miaka arobaini, baba yake alifua, na watu wa ukoo wao walifua tangu enzi za wafalme wa Karagwe. "Moto wangu ni uleule," alisema. "Kama kuna kitu kimebadilika, si moto."

Nikadhani ni ubishi wa wazee.

Jumapili, 30 Juni

Nimeandika barua kwa kamati. Kurasa mbili, na mchoro wa zile sindano. Sentensi ya mwisho: *Chanzo cha kuvunjika kwa shafti zote mbili ni uchomaji usiofaa wa Mzee Kashaija.* Nimeisoma mara tatu. Ni Kiswahili safi.

Jumanne, 2 Julai

Barua ilisomwa mbele ya kamati na wakulima waliokuwa wanasubiri zamu zao. Mzee Kashaija alikuwa amesimama mlangoni. Mama Evaresta alipofika kwenye jina la mzee, watu wote waligeuka kumtazama. Yeye alivua kofia, akaikunguta vumbi, akaivaa. Kamati ikasema asifue tena kwenye kiwanda cha chama. Sikuwa nimeomba hilo, ila sikulipinga.

Jioni alikuja mkewe, Mama Dafroza, kuchukua mivukuto na nyundo. Nilimsaidia kufunga mzigo. Alikuwa haniangalii.

"Ile shafti ya misimu mitatu," alisema, "nani aliichoma?"

"Mzee."

"Haya."

Akaondoka. Wanasema wanahamia Nkwenda, Kyerwa, kwa shemeji ya mzee.

Jumatano, 3 Julai

Nimejibu swali la Mama Dafroza kichwani: ekseli za zamani zilikuwa chuma bora. Basi.

Jumamosi, 6 Julai

KIH 3 nimeichoma mwenyewe, kwenye tanuri la mzee, na hakuna aliyenipeleka migombani. Niliizamisha, nikaing'arisha kwa msasa, nikairudisha juu ya makaa yasiyo na miali. Rangi zilitembea juu ya chuma: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu. Hapo nikaitoa. Kipande nilichokichoma pamoja nayo nilikipeleka kwa Lameck, na zile sindano kali hazikuonekana tena. Zimekuwa weusi laini, kama unga wa kahawa iliyosagwa vizuri. Nilipiga kelele kidogo tu, kwa sababu wanafunzi walikuwa kwenye mtihani.

Jumanne, 16 Julai

Siku kumi. Hakuna neno.

Jumapili, 21 Julai

Siku kumi na tano. Dereva wa makofi ameniletea mkungu wa ndizi.

Ijumaa, 26 Julai

Siku ishirini. Mama Evaresta anataka nikafundishe uchomaji kwenye viwanda vingine. Nimemwambia nitafikiria, maana ndivyo wanavyojibu watu wakubwa.

Jumatano, 31 Julai

Imevunjika.

Siku ishirini na tano. Ni mara mbili na zaidi ya zile nyingine, na nusu siku nimejipa moyo kwa hesabu hiyo. Dawa imefanya kazi, lakini mgonjwa amekufa. Nilimfukuza Mama Evaresta kutoka karakana kwa adabu zote, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni na vipande viwili mapajani.

Kwa mara ya kwanza sikuvisugua. Zile mbili za mwanzo nilikimbilia kukata na kung'arisha kwa sababu nilitaka kuona ndani ya chuma. Safari hii nilichukua lenzi na kuutazama uso wa mvunjiko kama ulivyo. Sehemu moja ina mikwaruzo na mng'ao wa chuma kilichoraruka ghafla. Sehemu kubwa zaidi ni laini, ina mistari iliyojipinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayobaki kwenye tope bwawa likikauka. Kila mstari ni mahali ufa ulipopumzika tulipozima mashine. Unafuata mistari kurudi nyuma, inazidi kuwa midogo, midogo, hadi inafika mahali pamoja pembeni, ufa ulipozaliwa.

Umezaliwa kwenye mguu wa herufi K.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimetazama tena mchana, juani. Bado ni kwenye K.

Ijumaa, 2 Agosti

Vipande vya KIH 1 na KIH 2 vilikuwa bado kwenye boksi. Nyuso zake nimeziharibu kwa kusugua, ila pembeni hazikuguswa. KIH 1 imekatika kwenye I. KIH 2 kwenye K. Mvunjiko umepita katikati ya jina letu mara tatu, na mimi nilikuwa nasoma tu kuona kama herufi zimenyooka.

Leo sijala mchana. Nilibaki na tumaini moja, nalo nalitaja hapa ili nilionee aibu: kwamba shafti ya zamani, ile ya misimu mitatu, Mzee Kashaija aliichoma kwa namna nyingine. Ikiwa hivyo, barua yangu itakuwa na haki angalau nusu. Niliichimbua nyuma ya ghala, nikaikata, nikaisugua, nikaenda Bugene. Lameck alishika tochi bila kunung'unika, nadhani aliuona uso wangu.

Sindano. Zilezile, nene na ndefu, zimepishana huku na huku. Moto uleule, maji yaleyale, na shafti ilizunguka misimu mitatu bila ufa hata mmoja, kwa sababu ngozi yake ilikuwa laini na hakuna mtu aliyeigonga stempu shingoni.

Chuma cha namna ile ni kigumu na kina nguvu nyingi, mradi hakina jeraha. Mimi ndiye niliyekipa jeraha, kisha kikazamishwa majini na jeraha lake. Kukirudisha motoni kulikiongezea siku, na somo langu la sindano ni la kweli, silifuti. Ila nilikuwa nimeshamchagua mwenye kosa kabla sijauona ufa unapoanzia.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemweleza Mama Evaresta kila kitu. Alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Kwa hiyo unajua kuitengeneza sasa?"

"Najua. Bila herufi, pale unene unapobadilika pakerezwe mviringo pasiwe na kona, na irudishwe motoni."

"Basi itengeneze. Haya mengine yaache." Akashusha sauti. "Mwanangu, wakulima wanakuamini. Ukiwaambia fundi wao ndiye aliyevunja mashine, mwakani watataka nani?"

Anasema hivyo kwa kunipenda. Nimekunywa chai yake, nimemaliza, nikarudi karakana.

Jumatatu, 5 Agosti

Nkwenda. Nimefika saa nne, mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani. Mzee Kashaija anafua nyuma ya duka la mbolea, majembe na mihoro. Mama Dafroza aliniona kwanza, akaingia ndani.

Nilimpa mzee kipande chenye K na lenzi. Sikuhitaji kueleza. Aliufuata ule mstari kwa ukucha, kurudi nyuma, kurudi nyuma, akafika kwenye herufi, ukucha ukakwama. Nikampa na kipande cha shafti ya zamani, nikamwambia nilichokiona ndani yake.

"Nilikosea, mzee. Naomba unisamehe, na urudi."

"Umeniambia." Alinirudishia lenzi. "Barua yako ilisomwa mbele ya watu, waitu, mwenzetu. Watoto wa Ihembe wanajua kwamba Kashaija hajui moto. Na wewe umekuja kunong'ona nyuma ya duka la mbolea."

"Nitaandika nyingine."

"Andika." Akageukia moto wake, na sikusubiri kuambiwa nikasimame wapi.

Ijumaa, 9 Agosti

Shafti mpya imefungwa. Haina herufi wala namba. Nimepitisha kidole mwili mzima na hakuna kinapokwama.

Jumapili, 18 Agosti

Siku tisa. Hapa ndipo KIH 2 ilipokatika.

Jumanne, 20 Agosti

Kumi na moja.

Jumanne, 3 Septemba

Ishirini na tano. Nilizima mashine saa nane, nikapaka mafuta ya taa kwenye shingo ya shafti, nikaifuta, nikapaka chokaa. Kama kungekuwa na ufa, mafuta yangejitokeza na kuandika mstari kwenye weupe. Chokaa imebaki nyeupe. Nimewasha.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya kwanza. Wakulima wanakusanya maganda, kahawa kavu ambayo haijakobolewa, mbiombio. Mkutano mkuu ni keshokutwa. Mama Evaresta ameniweka kwenye ajenda: *Pongezi kwa Fundi Mkuu.*

Jumamosi, 14 Septemba

Walikuja watu kama mia mbili, wakajaa ghalani kwa sababu ya mvua. Mzee Kashaija nilimtumia ujumbe, na sikujua kama angekuja. Alikuja, na Mama Dafroza, wakasimama mlangoni palepale aliposimama siku ile.

Pongezi zilipofika nilisimama na barua ya pili. Nilikuwa nimejiahidi kusoma polepole. Nilisema shafti tatu zilikatika kwenye herufi nilizozigonga mimi, kwa wazo langu mwenyewe, mahali nilipopachagua mimi. Nilisema shafti ya misimu mitatu ilichomwa na Mzee Kashaija kwa moto uleule nilioulaumu, na kwamba kuirudisha shafti motoni ni jema lakini halikuwa chanzo. Sentensi ya mwisho: *Aliyevunja mashine ni mimi, na aliyefukuzwa ni yeye.* Vipande nikavipitisha mkono kwa mkono.

Mvua ilizidi kupiga bati. Mama Evaresta alinitazama kama mtu aliyemwaga maziwa. Kisha yule dereva wa makofi, ambaye si hata mwanachama, akauliza kwa sauti, "Sasa mbona inazunguka?" Watu wakacheka, kelele zikaanza, wengine wakitaka niondolewe, wengine wakisema fundi anayesema kweli aachwe. Wakapiga kura za mikono. Nimebaki, kwa mikono kumi na saba ya ziada. Wakapiga nyingine ya kumrudisha Mzee Kashaija, na hiyo hawakuihesabu kwa sababu mikono yote ilikuwa juu.

Akaombwa aseme neno. Alivua kofia.

"Jina langu nimelipokea," alisema. "Ahsanteni. Mimi mwenyewe nimeshajenga tanuri Nkwenda, na wateja ninao. Sirudi."

Nilimfuata nje kwenye mvua. Nilimwambia nilidhani angerudi, kwamba nilisoma ile barua ili arudi.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana nilisubiri mpaka umalize kuisoma. Ningekuambia mapema, huenda usingeisoma."

Akaingia kwenye chumba cha mashine, akaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, akasikiliza kwa muda. Akatikisa kichwa kukubali. Mama Dafroza alinipa mkono, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, kisha wakapanda pikipiki wote wawili na mwavuli mmoja wakashika barabara ya Kyerwa.

Nililia nikiwa nimesimama getini, sikujificha. Halafu nikaenda kuikaza mikanda, maana kulikuwa na gunia mia moja na sitini za Nyakahanga na mkobozi alikuwa ni mimi.